Kuahirisha Bila Tarehe Ni Kufuta

Nina daftari la Jiografia la kidato cha nne ambalo nimelibeba mpaka hosteli. Wenzangu wa chumbani wanadhani nalitunza kwa sababu ya noti. Kurasa za mbele kweli ni noti za usomaji wa ramani. Lakini ukiligeuza ukaanzia nyuma, unakuta jedwali limechorwa kwa rula: majina 9 ya utani upande wa kushoto, halafu safu 6 za alama. Wa kwanza 25, wa pili 20, wa tatu 16, wa nne 13, wa tano 11. Safu 3 zimejazwa. Tatu zilizobaki ni tupu mpaka leo.

Huo ulikuwa msimu wetu wa mbio za pikipiki, Kilwa Masoko, mwaka 2020. Mimi ndiye nilikuwa mtunza muda.

Tukumbushane kidogo. Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa Corona nchini. Kesho yake Waziri Mkuu akatangaza shule zifungwe kwa siku 30, na vyuo vikafuata. Siku 30 zikazaa nyingine. Kidato cha sita na vyuo vikuu walirudi tarehe 1 Juni. Sisi wengine tukarudi tarehe 29 Juni. Nimehesabu: siku 104. Kwa mtoto wa Masoko mwenye miaka 16, siku 104 bila kengele ya shule maana yake ni moja kati ya mambo mawili: unaenda baharini na wajomba, au unakaa kijiweni na wenye bodaboda. Sisi tulikaa kijiweni.

Mpira ulikuwa umesimama, banda umiza limefungwa. Kilichobaki ni simu moja yenye kioo kilichopasuka na bando la kuchangishana. Ndani ya simu hiyo tukakuta Moto3, daraja la vijana katika mbio za dunia za pikipiki, injini za cc 250. Tarehe 8 Machi walikimbia Qatar. Daraja kubwa, MotoGP, lilifutwa siku hizo kwa sababu ya vikwazo vya safari, lakini madaraja madogo yalikimbia kwa kuwa waendeshaji wake walikuwa tayari wako kule kwa majaribio. Albert Arenas wa Hispania akashinda. Baada ya hapo, kimya. Mbio iliyofuata ilikuja tarehe 19 Julai, Jerez. Kwa zaidi ya miezi 4 jedwali la vijana wa dunia lilikaa na mbio moja tu.

Basi wakati wao wamesimama, sisi tukaanza. Jumapili alfajiri, kwenye kipande cha barabara ya Nangurukuru–Masoko ambacho sitakitaja, maana najua wadogo zetu wanasoma jarida hili pia. Pikipiki zilikuwa Boxer na TVS za kaka na wajomba, zilizochukuliwa kwa kisingizio cha kwenda kujaza mafuta. Helmeti tulikuwa nayo moja, yenye ufa. Tukakubaliana ivaliwe na anayeongoza kwa alama, kama zawadi. Leo nikisimulia hilo watu wanacheka. Mimi siwezi tena kucheka.

Mbio ya tatu ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Mei. Ulikuwa msimu wa kuvuna ufuta. Mtoto wa mjomba wangu alikuwa mbele, helmeti kichwani, kwa sababu alishinda mbio ya kwanza na kuwa wa pili katika ya pili. Mzee mmoja akatokea kwenye kinjia cha shambani na baiskeli, gunia la ufuta nyuma. Binamu yangu akamkwepa, akaingia kwenye mtaro. Mfupa wa paja ulivunjika mara mbili. Mzee hakuguswa, ila alianguka kwa mshtuko na gunia likapasuka, ufuta ukamwagika barabarani. Tulipokuwa tunasubiri gari, mzee alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akamshika binamu yangu mkono, akatuuliza: "Sasa wajukuu zangu, shule zenu mnafungua lini?"

Hatukuwa na jibu. Kidato cha sita na vyuo walishapewa tarehe yao, kesho yake tu. Sisi hatukuwa na tarehe.

Nimelifikiria swali lile kwa miaka, na ndilo lililonifanya niandike. Usinielewe vibaya. Sisemi shule zilikosea kufungwa. Ugonjwa ulikuwa unaua, na uamuzi wa Machi ulikuwa sahihi. Wala sisemi kwamba kosa la alfajiri ile ni la mtu mwingine. Saa nilishika mimi. Mzee yule angekufa, ningekuwa na damu yake mpaka leo, na hakuna Corona ambayo ingenisafisha. Ninachosema ni kwamba kusimamisha jambo la vijana bila kuwaambia litarudi lini ni kulifuta. Na ukilifuta, wao hawaachi. Wanalihamishia mahali ambapo hakuna mtu mzima.

Tazama kilichofanyika hapa kwetu mwaka ule. Ligi Kuu ilisimama Machi, ikarudi tarehe 13 Juni. Vizuri, nilifurahi kama wewe. Lakini UMISSETA? Nilikuwa kwenye timu ya shule ya kupokezana vijiti, mita 100 mara 4, nakimbia kipande cha tatu. Mashindano ya 2020 hayakufanyika. Yaliporudi 2021 yalifanyika Mtwara, jirani kabisa na mkoani kwetu, lakini mimi nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri kidato cha tano. Mchezaji wa Ligi Kuu akipoteza miezi 3, mkataba wake bado upo. Mtoto wa sekondari akipoteza mwaka, amepoteza nafasi yake yote, kwa sababu umri haumsubiri mtu.

Sasa turudi kwa wale wa kwenye simu. Waliposimama Machi, waandaaji wa mbio za vijana hawakusema "tutaona mwakani". Walipanga upya. Mashindano ya Red Bull Rookies Cup, ambayo ni ngazi ya watoto kabisa kabla ya Moto3, yaliminywa yakaingia kati ya Agosti na Novemba. Badala ya kuzunguka nchi nyingi, walikaa kwenye kiwanja kimoja wikiendi mbili mfululizo, wakakimbia, wakahamia kingine. Jumla mbio 12. Bingwa wa msimu ule uliobanwa alikuwa kijana wa miaka 16, Pedro Acosta, mtoto wa mvuvi kutoka mji mdogo wa pwani ya Hispania unaoitwa Mazarrón. Aprili 2021, katika mbio yake ya pili tu ya Moto3, aliadhibiwa kuanzia kwenye njia ya mashimo ya matengenezo, nyuma ya wote, akashinda. Novemba mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia.

Mtoto wa mvuvi. Sisi Kilwa tunao wangapi? Sidanganyi kwamba binamu yangu angekuwa Acosta. Pengine angekuwa wa kumi na nane na kurudi nyumbani kuvua. Hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo. Mwaka 2020 watoto wawili wa pwani, umri uleule, ugonjwa uleule. Mmoja aliambiwa: subiri, Agosti unakimbia. Mwingine hakuambiwa kitu.

Najua utanijibu nini, kwa sababu nimeshajibiwa hivyo kwenye kimbweta. Kwanza, wale wana hela. Ni kweli, na pikipiki moja ya mashindano yale inaweza kununua kijiwe kizima cha Masoko. Lakini kupanga tarehe ya pili hakuhitaji udhamini. Kunahitaji mtu akae na kalenda.

Pili, mbio za pikipiki zinaua hata huko kwenye viwanja vizuri. Hilo ni kweli zaidi, na atakayelificha anawadanganya wadogo zake. Mwaka 2021 peke yake ulichukua watatu: Jason Dupasquier, miaka 19, Mugello, Hugo Millán, miaka 14, Aragón, Dean Berta Viñales, miaka 15, Jerez. Wote walianguka na kugongwa na waliokuwa nyuma yao, kwenye viwanja vyenye madaktari na helikopta. Soma tena umri wa hao wawili wa mwisho. Nilipoona habari zile nilifunga simu na sikuangalia mbio kwa miezi.

Lakini angalia kilichofuata. Oktoba 2021 wasimamizi walitangaza kwamba kuanzia 2023 umri wa chini wa kuingia mbio za dunia utakuwa miaka 18, na umri wa madaraja ya chini nao ukapandishwa. Waliweza kurekebisha kwa sababu mchezo ulikuwa mikononi mwao: wanajua nani anakimbia, ana miaka mingapi, wako wangapi. Sisi barabara ya Nangurukuru hatujui lolote. Hakuna anayejua wako wangapi Jumapili hii. Huwezi kupandisha umri wa mbio ambazo rasmi hazipo.

Na zipo. Nilipokwenda nyumbani likizo iliyopita, binamu yangu alinionyesha vijana wa kidato cha pili wakifungua sailensa za pikipiki za watu. Yeye sasa ni fundi pikipiki, mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwingine. Wanamletea mashine azitengeneze, hawamwambii za nini. Anajua. Anakaza breki kwanza kabla ya kitu kingine chochote, hata kama hawajalipia breki.

Sasa hili linatuhusu vipi sisi wa chuo? Nenda kasome ubao wa matangazo. Kila ratiba ya mitihani inapobanwa, cha kwanza kuondolewa ni mashindano ya vitivo, na tangazo ni lilelile: "yameahirishwa hadi hapo itakapotangazwa tena". Nimesubiri tangazo la pili la aina hiyo tangu mwaka wa kwanza. Na majanga hayajaisha. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga, na sisi watu wa kusini tukakumbuka enzi za wazee wetu za kusubiri kivuko cha Rufiji. Kitakuja kingine: mafuriko, kipindupindu, ugonjwa usio na jina bado. Vitu vitasimamishwa, na vingine ni lazima visimamishwe. Naomba tu serikali yetu ya wanafunzi, kupitia wizara yake ya michezo, ipitishe kanuni moja ya mstari mmoja: hakuna shughuli ya wanafunzi itakayoahirishwa bila tarehe mpya kuandikwa kwenye tangazo lilelile. Tarehe ikishindikana, iandikwe nyingine. Hata tarehe iliyokosewa inampa mtu cha kusubiri.

Na nisiwe mtu wa kudai tu. Wanafunzi wa Lindi tulio hapa tumekubaliana kuandaa siku ya pikipiki Masoko wakati wa likizo ndefu. Haitakuwa ya kasi. Itafanyika kwenye uwanja wa mpira, mmoja mmoja, helmeti kwa kila mtu, na tutawaomba askari wa usalama barabarani waje. Kutakuwa na kupita kwenye koni, kufunga breki kwenye mstari, na mbio za pole, ambapo wa mwisho kufika bila kuweka mguu chini ndiye mshindi. Jaribuni hizo mbio za pole kabla hamjacheka. Ni ngumu kuliko mnavyodhani. Fundi wa kukagua breki tunaye. Alama zitakuwa 25, 20, 16, 13, 11, na daftari lina safu 3 tupu.

Ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Mvua ikinyesha, Jumamosi ya pili.