Msimuulize Atakula Nini, Muulizeni Ameandika Nini

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa na watahiniwa kuanza kuchagua kozi za chuo kikuu, huzuka mvutano katika nyumba nyingi humu nchini. Mtoto amepata alama nzuri katika Kiingereza, na sasa anatangaza kwamba angependa kusomea lugha hiyo pamoja na uandishi wa kubuni. Baba anashika kichwa. Mama anamwita mjomba aje ampe kijana nasaha. Kikao kinapokaa, swali ni lile lile la miaka yote: "Sasa utakula nini?"

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na huenda msomaji akastaajabu kuniona nikimtetea anayetaka kusomea Kiingereza. Sioni ajabu hapo. Anayetaka kutunga hadithi ni mwenzangu, atumie lugha aitakayo. Wala sisemi kwamba swali la mzazi ni la kipuuzi. Aliyeuza ng'ombe ili kulipa karo ana haki ya kuuliza habari za riziki. Kasoro ya swali hilo ni kuwa halimpimi mtoto. Halituonyeshi iwapo ana nia ya kweli au anapeperushwa na upepo wa siku mbili. Swali lililo bora ni hili: "Umeandika nini?"

Hata hivyo, tusiikwepe riziki. Ni kweli kwamba hapa Kenya wanaoishi kwa mapato ya riwaya na mashairi pekee ni wachache mno. Soko kubwa la vitabu vya fasihi ni shule, na kitabu kisichoteuliwa kutahiniwa huuzwa kwa taabu. Ni kweli pia kuwa wahitimu wengi wa ualimu hukaa miaka kabla ya kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Lakini ni kozi gani siku hizi iliyo na dhamana? Mwaka wa 2024 madaktari waligoma kuanzia Machi hadi Mei, na miongoni mwa madai yao makuu ni kwamba vijana waliohitimu udaktari walikuwa hawapangiwi hospitali za kufanyia mafunzo ya kazi. Ikiwa udaktari nao una foleni, si haki kuifanya fasihi peke yake kuwa njia ya njaa. Mtu ajuaye kuandika vyema huhitajika magazetini, katika redio na televisheni, kwa wachapishaji wa vitabu, katika matangazo ya biashara na katika afisi za umma. Sharti ni moja tu: awe anajua kuandika kweli. Cheti hakimwandikii mtu.

Hapa ndipo swali langu linapopata uzito. Mwaka wa 1960 Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeaga dunia Mei 2025, alikuwa mwanafunzi wa Kiingereza huko Makerere, Uganda. Idara yao ilikuwa na jarida lililoitwa Penpoint, lililoanzishwa mwaka wa 1958, ambamo wanafunzi walichapisha tungo zao. Ngũgĩ mwenyewe alisimulia jinsi siku moja alivyomsimamisha Jonathan Kariara, aliyekuwa akihusika na jarida hilo, akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi, je, angeweza kuisoma? Kariara alikubali. Kumbe hadithi yenyewe haikuwapo! Ikambidi Ngũgĩ aende akaitunge. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1964, riwaya yake Weep Not, Child ilichapishwa.

Kisa hicho huchekesha, lakini kina funzo. Kilichomsukuma kijana yule kuketi na kuandika ni jarida lililosubiri tungo na mwenzake aliyekuwa tayari kusoma. Mambo hayo mawili hayahitaji bajeti ya serikali.

Mwanafunzi naye yampasa ajue anachokiomba. Oktoba mwaka wa 1968, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati ya masomo badala ya pembeni. Matunda ya waraka huo ni Idara ya Fasihi. Tangu hapo, jina "Kiingereza" na jina "fasihi" si kitu kimoja katika vyuo vyetu. Anayejaza "Kiingereza" bila kuuliza yamkini atajikuta katika isimu, akichambua sauti na miundo ya sentensi, ilhali moyo wake ulikuwa kwenye hadithi. Anayechagua fasihi atasoma na kuhakiki vitabu vya wengine. Uandishi wa kubuni mara nyingi huwa somo moja au mawili ndani ya shahada hiyo. Na anayetaka kufundisha katika shule ya upili afahamu kwamba huko Kiingereza na fasihi yake hufundishwa pamoja. Basi, kabla ya kutia sahihi, aombe orodha ya masomo ya kila mwaka, aisome yote.

Wapo wasemao kwamba utunzi ni kipawa, haufundishiki. Wenzetu wa ng'ambo walilijibu hilo zamani. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilianzisha mafunzo yake mashuhuri ya uandishi mwaka wa 1936, na Taban lo Liyong niliyemtaja alipata shahada yake huko. Mkenya Makena Onjerika, aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka wa 2018, alisomea uandishi katika Chuo Kikuu cha New York. Katika mafunzo ya aina hiyo, mwanafunzi huleta mswada wake, wenzake huusoma, humwambia penye ulegevu, naye hurudi kuuandika upya. Hata seremala hafundishwi kwa mihadhara juu ya historia ya viti. Hupewa randa na ubao. Vyuo vyetu vikitaka kutoa waandishi, na vimpe mwanafunzi alama kwa mswada aliouandika na kuurekebisha mwaka mzima.

Walimu wenzangu, na sisi tujitazame. Mtihani wa Kiingereza katika KCSE una karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Katika hizo, insha ya kubuni ina alama 20. Kwa kuwa alama ni chache na muda ni mfupi, tumezoea kuwakaririsha watoto mianzo iliyopambwa, misemo ya kuazima na miisho ya kufanana. Ukisahihisha insha arubaini, jua limechomoza kwa namna ile ile katika thelathini. Kisha tunashangaa kwamba aliyepata A hawezi kueleza kwa maneno yake jinsi soko la kwao linavyonukia asubuhi. Tufufue majarida ya shule, hata yakiwa ya kubandikwa ukutani. Tumwache mwanafunzi aandike hadithi moja kwa muhula, airudie mara tatu. Hilo litamfaa kuliko kukariri mianzo kumi.

Na wewe mwanafunzi unayelilia kozi hii, nakusihi ujitayarishe kabla ya kuwakabili wazazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usiende mikono mitupu, ukijitetea kwa alama ya A na majina ya waandishi maarufu. Weka mezani kurasa ishirini ulizoziandika na kuzifuta na kuziandika tena. Baadhi yake ziwe za Kiswahili au za lugha ya nyanya yako. Ngũgĩ, aliyeanza kwa Kiingereza, alichapisha riwaya kwa Kigĩkũyũ mwaka wa 1980, wala kalamu yake haikudhoofika. Iwapo hazipo kurasa hizo, na kila ukiketi kuziandika unaona uchovu, huo nao ni ushauri; kuna kozi nyingine nyingi njema.

Lakini kurasa zikiwapo, mzee, zisome zote kabla ya kumwita mjomba. Mtoto aliyeandika kurasa ishirini bila kulazimishwa na mtu, bila kuahidiwa alama wala shilingi, amekwisha kuonyesha bidii ambayo mwajiri yeyote angeitamani. Mpe kalamu, umtilie sahihi.