Tusionee Haya Mboga za Porini

Kila aliyepata kufika ugenini katika vijiji vyetu amekwisha kuliona jambo hili. Chunguni mna mlenda uliokwisha kuiva, na wenye nyumba walikuwa karibu kuketi wale. Mgeni anapobisha hodi, hasa akiwa ametoka mjini, chungu hufunikwa na kusogezwa kando, na mtoto hutumwa mbio dukani au kwa jirani akatafute kabichi, mayai, au hata kuku wa kukopa. Mlenda ule ni mtamu, tena ni mwingi. Lakini wenyeji wanauonea haya. Haya hiyo ndiyo ninayokusudia kuizungumzia, ndugu msomaji, kwa sababu wanaoilipia ni watoto wetu.

Nchi hii imejaliwa mimea mingi ya chakula ambayo haikupandwa na mkono wa mtu. Wagogo wa Dodoma huchuma mlenda wakati wa masika, wakaukausha na kuuhifadhi, ili kiangazi kinapokausha kila kitu wawe na kitoweo. Watu wa Tanga na pwani wanaujua mchunga, na uchungu wake ndio ladha yake. Mgagani, mnavu na mchicha wa porini huota mashambani na kandokando ya maboma karibu nchi nzima. Huko Mtwara na Lindi watu huchimba ming'oko msituni, wakaichemsha na kuila kwa furaha. Misitu ya miombo hutupatia uyoga, makusu na mbura. Wahadzabe wa bonde la Eyasi, kwa upande wao, wanaendelea kupata sehemu kubwa ya riziki yao katika mizizi, matunda ya porini, asali na ubuyu. Mtafiti Anne Fleuret, katika utafiti wake wa Lushoto uliochapishwa mwaka 1979, alionyesha jinsi majani ya kuchuma porini yalivyokuwa na nafasi kubwa katika kitoweo cha Wasambaa. Basi hatuzungumzii chakula cha njaa peke yake, bali chakula cha siku zote.

Haya hii imetoka wapi? Elimu ya kilimo tuliyoirithi iliigawa mimea katika mafungu mawili: mazao na magugu. Mazao yalikuwa na bei, na magugu yalikuwa ya kung'olewa. Mgagani ukaingia katika fungu la pili. Mtoto aliyemwona bibi yake akiuchuma kwa uangalifu alifundishwa shuleni kuung'oa na kuutupa, na alipokua akapata mshahara, akajifunza kwamba dalili ya maendeleo ni kula kabichi, wali na chipsi. Siku hizi jembe limepata msaidizi, nayo ni dawa ya kuua magugu, ambayo haiulizi kama jani lililo mbele yake lilikuwa kitoweo cha mtu.

Tutazame sasa hali ya watoto. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. La kushangaza zaidi ni mahali ambapo tatizo hili limekithiri. Katika mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifiwa kwa mavuno yake ya mahindi, kiasi cha nusu ya watoto walikuwa wamedumaa, na Iringa walizidi nusu. Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maradhi, maji machafu na mama kukosa nafasi ya kumhudumia mtoto. Hata hivyo mikoa hiyo inatufundisha somo moja lisilokanushika: ghala lililojaa halitoshi kuwa dalili ya siha njema. Ugali hushibisha tumbo, lakini mwili wa mtoto hudai pia vitamini, madini na protini.

Majani ya kijani kilichokolea ni hazina ya vitu hivyo. Mchicha, mgagani na mnavu vina madini ya chuma, chokaa na asili ya vitamini A kwa wingi kuliko kabichi nyeupe tunayoikimbilia dukani. Tena mapishi ya wazee wetu yalikuwa na hekima ndani yake. Karanga zinazotiwa katika mboga huongeza protini, na mafuta yake huusaidia mwili kupokea vitamini A. Ndimu au ukwaju husaidia madini ya chuma ya majani yaingie mwilini, lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Bibi zetu hawakuwa na maabara, ila walikuwa na macho, na walikuwa na watoto wa kulea.

Wakati sisi tunaficha vyungu vyetu, wengine wamefumbua macho. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu uuzwe katika nchi zake kama chakula kipya, na mwaka 2009 Marekani nayo ikafungua mlango. Chakula kipya! Ubuyu uliotafunwa na watoto wetu vizazi na vizazi sasa umefungwa katika vipakiti vya kupendeza na kuuzwa ughaibuni kwa bei ambayo mchumaji wa Dodoma hajapata kuiota. Jirani zetu wa Kenya nao hawakulala. Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa ya nchi hiyo yalitoa kitabu kikubwa kinachoeleza mimea yao ya chakula cha asili, na leo mnavu, kwa jina la managu, unauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi bila mtu kuuonea haya.

Zipo hoja za kupinga, nazo zastahili kujibiwa. Wako watakaosema kwamba porini mna sumu. Ni kweli. Ndiga asiyelowekwa na kuandaliwa ipasavyo anaweza kuua, na uyoga mmoja mbaya huweza kuangamiza jamaa nzima. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuuokoa ujuzi wa wazee kabla hawajafukiwa nao, maana mwenye kujua kutofautisha ni yule bibi tuliyezoea kumwona hajui kitu. Wako pia watakaosema kwamba watu wakichuma wote, pori litakwisha. Hoja hii nayo ni ya kweli, na jibu lake ni kuipanda bustanini mimea inayokubali kupandwa, kama mgagani na mnavu, na kuchimba ile ya mwituni kwa kiasi, tukibakiza ya kuota tena. Wala simtaki mkazi wa Dar es Salaam achume mchicha kando ya mtaro wa maji machafu.

Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya watu wazima katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana juu ya vyakula vyao. Hatuna budi kuufufua moyo ule. Kila shule ya msingi na iwaalike wazee wa kijiji, hasa akina mama, wawaonyeshe watoto majani yanayolika na yasiyolika, majina yake na mapishi yake. Shule za bweni ziweke mlenda na mgagani katika ratiba ya chakula, siyo maharage na kabichi mwaka mzima. Mabwana shamba, kabla ya kumshauri mkulima apulizie dawa, wamwulize mkewe ni yapi katika hayo magugu anayoyapika.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kazi ya kwanza haihitaji fedha wala wataalamu, nayo ni ya kila mmoja wetu anayetoka mjini kwenda kijijini. Ukifika ukaona chungu kinafunikwa, mwambie mwenyeji wako akifunue. Nawa mikono, keti, na ule mlenda pamoja na watoto wake, wakikutazama.