Usinunue kamera ya mtu mwingine

Kila wiki nikifungua DM napata swali lilelile: "Msee, ninunue kamera gani?" Na kila wiki jibu langu linaudhi watu: unataka kushuti nini? Wengi wetu tunaona kamera ya YouTuber fulani wa Marekani, mwenye studio na watu wawili wa kumshikia taa, tunaitamani hiyohiyo. Halafu tunaileta bedsita ya Githurai na tunashangaa mbona haifanyi kazi.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo. Nikiwa mwaka wa pili chuo, pesa ya karo ilitua kwa simu yangu. Mathe alikuwa ameikopa kwa chama. Nikajiambia nitairudisha baada ya miezi miwili, kontenti italipa. Nikapanda mathree hadi Luthuli na 65,000, nikarudi na kamera ya mitumba iliyopiga picha safi sana.

Shida ni moja: mimi sipigi picha. Mimi huongea mbele ya kamera. Ile kitu haikuwa na tundu la maikrofoni, kioo chake hakikugeuka nijione, na lenzi niliyopewa ya 50mm ilinitaka niiweke mbali kuliko nyumba yangu ilivyo ndefu. Nikaiuza kwa 41,000. Mtihani wa semista hiyo sikuufanya, na chuo sikurudi. Mathe hajawahi kunirushia neno kuhusu hiyo siku, na hiyo ndiyo inauma zaidi.

Kamera haikuwa mbaya. Ilikuwa ya mtu mwingine, labda mpiga picha wa harusi. Sasa wewe sikiza kabla hujatuma pesa.

Wacha kuimbiwa megapikseli. Vidio ya Full HD ni pikseli 1920 kwa 1080, yaani kama milioni 2 hivi. 4K ni kama milioni 8. Zile 24 wanazokutajia dukani zitakusaidia ukichapisha picha kubwa au ukiikata. Kwa vidio ya TikTok hazikuongezei views.

Pili, uliza kamera inafanya nini vibaya. Sony a6000 ya 2014 ni moto kwa picha, lakini haina tundu la maikrofoni wala 4K. Canon M50 ya 2018 ina tundu, na kioo kinageuka. Inatangazwa kuwa ya 4K, ila ukiiwasha hiyo 4K, fremu inakatwa na ile fokasi yake nzuri inazima. Shuti Full HD, utaipenda. Sony ZV-E10 ya 2021 ilitengenezewa watu wa vidio, lakini sensa yake haitulizwi kwa ndani, kwa hivyo ukijirekodi ukitembea Tom Mboya picha itarukaruka. Hakuna kamera isiyo na kasoro. Chagua ile ambayo kasoro yake haigusi kazi yako.

Tatu, lenzi. Kwenye kamera za sensa ndogo, kama hizo tatu, lenzi ya 50mm inaona kama ya 75mm au 80mm. Ukiwa bedsita utajibanza ukutani na bado fremu itabeba uso peke yake. Tafuta kama 16mm. Na angalia mabeshte zako wanatumia lenzi za kampuni gani. Ukinunua inayoingiliana na zao, mtaazimana. Hapo umeokoa doo nyingi kuliko diskaunti yoyote.

Kuna watu watasema simu inatosha. Nusu ni kweli. Sean Baker alishuti filamu nzima, Tangerine ya 2015, kwa iPhone 5s. Lakini aliongezea lenzi za kubandika, na alijua anachofanya. Kama unafanya skits ama kuongea kama mimi, simu uliyo nayo na maikrofoni ya bei ya chini zitakupeleka mbali. Mtu atavumilia picha mbaya kidogo. Sauti mbaya anascroll. Lakini ukiitwa kushuti harusi ndani ya kanisa lenye giza, ama mechi ukiwa mbali na uwanja, simu itakuaibisha. Hapo kamera ni lazima.

Msimamo wangu ni huu: kodisha kwanza. Kamera niliyo nayo leo niliikodisha mara nne, 2,000 kwa siku, kabla ya kuinunua. Mara mbili za mwisho, kazi yenyewe ililipa kodi na ikabaki chenji. Kamera ikishindwa kulipa kodi yake ya siku moja, itarudishaje 60,000?

Na ukinunua mitumba, usione haya kukagua. Mulika lenzi kwa tochi ya simu utafute ukungu, hasa kama ilikaa Mombasa kwenye unyevu. Funika lenzi upige picha nyeusi. Vidoa vyeupe au vya rangi vinamaanisha sensa imechoka. Uliza imepiga picha ngapi, kwa sababu shata nyingi za kamera za bei ya chini hukadiriwa kufika kama 100,000. Dai risiti yenye serial namba, usije ukanunua kamera iliyoporwa mwenzako. Akikataa, tembea.

Sisemi uache ndoto. Mimi bado naishi kwa hii kazi. Lakini kama pesa uliyo nayo saa hii ni ya karo, lipa karo, halafu shuti na simu weekendi hii, na ijayo, na ijayo tena. Kamera itakungoja dukani. Mtihani hautakungoja.