Vigingi Vyeupe Ndani ya Uwanja



Ndugu wapendwa, kijana mmoja wa huku kwetu Kilwa anafanya kazi Dar es Salaam ya kuwabebea mikoba ya fimbo wachezaji wa gofu. Alipokuja Likawage kuwasalimu wazazi wake, alinieleza jambo ambalo limenikaa moyoni hata leo.

Uwanja wa gofu, alisema, una mpaka wake, na mpaka huo aghalabu huwekewa vigingi vyeupe. Mpira ukivuka mpaka, mchezaji huongezewa pigo moja la adhabu, na hurudi kupiga tena pale alipopigia mwanzo. Hilo halikunishangaza, kwa maana hata shamba lina mpaka. Kilichonishangaza ni kwamba katika viwanja vingine vigingi hivyo hukutwa ndani ya uwanja wenyewe. Nyasi ni zilezile na mwenye ardhi ni yuleyule. Lakini mpira ukipita kigingi, umehesabiwa kuwa nje, ingawa haujatoka uwanjani.

Kijana yule alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilimkumbuka mzee mmoja aliyenijia akiwa na huzuni. Alikwenda kupalilia ufuta wake akakuta bikoni imesimikwa kati ya matuta. Alipouliza, akajibiwa kwamba kuanzia hapo yuko nje. Nje ya nini? Amezaliwa hapo, na baba yake amezikwa hapo. Naye pia alitolewa nje akiwa bado amesimama ndani.

Tusikimbilie kulaani kila kigingi. Mpaka wa ndani unaweza kuwa na sababu njema. Katika uwanja wa Royal Liverpool, huko Hoylake, Uingereza, kuna tuta la nyasi linalozunguka sehemu ya mazoezi, na anayelivusha mpira anahesabiwa ametoa nje, japo sehemu hiyo ni ya klabu ileile. Kwingine mipaka ya namna hiyo huwekwa ili mchezaji asipitishe mpira katika njia ya shimo jingine na kuwajeruhi wenzake. Swali basi si kama mpaka uwepo au usiwepo. Swali ni nani ameuweka, lini, na kwa ajili ya nani.

Tuutazame mchezo huo wa matajiri, nao utatuaibisha kwa mambo matatu.

Kwanza, mpaka hutangazwa kabla ya pigo la kwanza. Kamati inayojulikana huandika kanuni, na kila mchezaji huzisoma. Hakuna anayeamka asubuhi na kukuta kigingi kimeota usiku.

Pili, mpaka ni mmoja kwa wote. Kanuni zinamkataza mchezaji kung'oa kigingi cha mpaka, hata kama kinamzuia kupiga, na hata kama yeye ni bingwa. Mwaka 2019, huko Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini, Rory McIlroy alicheza mbele ya watu wa nchi yake mwenyewe. Mpira wake wa kwanza ulivuka mpaka, akamaliza shimo la kwanza kwa mapigo 8. Hakuna aliyesogeza kigingi kwa sababu yeye ni mwana wa nyumbani.

Tatu, adhabu ina kipimo. Aliyekosea huongezewa pigo na kurudi kucheza. Hafukuzwi uwanjani, wala fimbo zake hazichomwi moto.

Ikiwa haki hiyo inatunzwa kwa ajili ya kampira kadogo, je, ardhi inayolisha watoto wetu haistahili walau haki hiyohiyo?

Tuje sasa nyumbani. Hapa hapa Kilwa, kampuni ya BioShape kutoka Uholanzi ilikuja kulima mibono kwa ajili ya mafuta. Ilipewa maelfu kwa maelfu ya hekta katika vijiji vya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe. Watu waliahidiwa ajira na maendeleo. Mwaka 2009 kazi ilisimama, na mwaka 2010 kampuni ikafilisika. Aliyeahidi aliondoka, lakini ardhi haikurudi mikononi mwa wanakijiji siku ile aliyoondoka, kwa maana ilikuwa imekwisha kuhamishwa na kuacha kuwa ardhi ya kijiji. Mchezaji ametoka uwanjani, vigingi vyake vimebaki.

Lakini Kilwa hiihii imeonyesha njia nyingine. Watu wa Kikole na Kisangi walikaa, wakatenga sehemu ya ardhi yao kuwa msitu wa hifadhi ya kijiji, wakajiwekea sheria za kuvuna mpingo. Mwaka 2009 misitu yao ilipata hati ya kimataifa ya FSC ya usimamizi bora, ikiwa misitu ya asili ya kwanza barani Afrika inayosimamiwa na wanakijiji kuipata. Huo nao ni mpaka wa ndani. Mwanakijiji haruhusiwi kuingia na shoka apendavyo. Hata hivyo haoni kwamba ameporwa, kwa sababu mkono ulioweka mpaka ni wake mwenyewe.

Ndugu zangu, tofauti ya mipaka hiyo miwili si nyingine ila mkutano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba Halmashauri ya Kijiji ni mdhamini tu, si mwenye mali. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wanawake kwa wanaume.

Wapo watakaosema, "Padre, hayo ni mambo ya siasa, wewe tufundishe kusali." Nami nawajibu: someni habari za Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Nabothi hakuporwa shamba lake gizani. Palikuwa na barua, palikuwa na mhuri wa mfalme, wazee waliitwa, na mashahidi walipatikana. Dhuluma ile ilikuwa na muhtasari wa kikao! Na wazee wale walijua wanachokifanya, wakanyamaza.

Hapo ndipo dhambi yetu ilipo. Tunamlaumu mgeni mwenye fedha, lakini ni nani aliyetia sahihi? Ni nani aliyejiandikisha kwenye mahudhurio kwa ajili ya posho, akaondoka kabla hoja haijasomwa? Ni nani aliyemwambia mama mjane kwamba habari za ardhi hazimhusu? Kigingi kibaya hushikwa na mikono miwili: mmoja unaopiga nyundo, na mwingine uliowekwa mfukoni.

Tena haki si ya upande wetu pekee. Wapo wafugaji walioletwa mkoani Lindi baada ya kuondolewa Usangu mwaka 2006. Nao waliwekewa mipaka na wengine. Tukichora ramani ya kijiji isiyo na njia ya mfugaji kufika majini, tutakuwa tumejifunza udhalimu badala ya kuukomesha. Na Kanisa nalo lijichunguze: parokia yenye shamba iweke mipaka yake wazi mbele ya majirani kabla ya kumhubiria mtu mwingine.

Basi yatupasa kutenda. Mkutano Mkuu ukiitishwa, twende sote pamoja na ndugu zetu Waislamu, maana bikoni haiulizi dini. Tuombe kuona ramani kabla ya kunyoosha mikono. Tusikubali jambo la ardhi lipitishwe chini ya "mengineyo". Muhtasari usomwe kwa sauti, na nakala ibaki kijijini. Na kila panapokutwa kigingi, tuulize kwa upole lakini bila woga: kikao kipi, tarehe ipi, sahihi ya nani?

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogondogo:

1. Je, unajua mipaka ya kijiji chako na sehemu zilizotengwa ndani yake? Nani alizitenga?

2. Katika mkutano wa mwisho wa kijiji, ni wangapi wa jumuiya yetu walihudhuria, na wanawake walipewa nafasi ya kusema?

3. Ni mpaka upi tuliouweka sisi wenyewe unaomwonea mnyonge?