Wauzaji wa mtandaoni nasi tunawindwa

Mhariri,

Kila siku wanunuzi wa mtandaoni wanaonywa kuhusu matapeli. Sisi wauzaji je?

Mwezi uliopita niliweka cherehani yangu kwenye mnada wa mtandaoni. Haikupita saa, mtu akaniandikia kwamba anatoa bei yote na ameshalipa. Hapo tu nilipaswa kushtuka. Nani Kariakoo hununua bila kuomba apunguziwe? Kikafuata kiungo. Ukurasa ulikuwa na nembo ileile ya mnada, rangi zilezile, ila anwani ilizidi herufi moja. Eti nijaze nipokee fedha zangu: namba ya simu, kisha namba ya siri. Nilishaanza kuandika, binti yangu akauliza, "Mama, tangu lini kupokea hela kunahitaji namba ya siri?"

Namba ya yule bwana niliituma 15040, namba ya kuripoti matapeli. Jirani yangu, aliyetumiwa kiungo kama hicho, hakuwa na wa kumshtua. Friji alilokuwa akiliuza bado analo, lakini akiba yote ya kwenye simu imekwenda.

Onyo la "ile pesa tuma kwenye namba hii" limetufikia sote. Nawaomba Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na polisi watuelimishe vivyo hivyo kuhusu viungo bandia, na wenye minada waweke onyo palepale tunaposomea ujumbe wa wateja. Wasomaji wenzangu mliokumbwa na haya, mlifanyaje? Tuandikieni.

Mama Cherehani,
Tabata, Dar es Salaam