Ramani ya simu ni bure, ila haijui maji kupwa

Ndugu zangu mnaofuata kaa na kamba delta, mkiwa bado Kibiti mjini na mtandao upo, pakueni ramani ya eneo lote hadi Nyamisati na Mbwera. Google Maps inaruhusu, Organic Maps pia, na baada ya hapo huhitaji bando. Mimi nimeacha kuuliza njia kila kijiwe cha bodaboda, maana kuuliza nako kuna bei yake (mnaelewa).

Ila tusidanganyane. Ramani inaonyesha mkondo, haionyeshi kina. Siku moja nilipima kwenye simu, nikamwambia nahodha tukate kijito kile, ni karibu. Akasema, "Maji yanapwa, tutakwama." Nikabisha. Tulikaa kwenye tope katikati ya mikoko mpaka maji yakajaa, tenga zima la kaa likanifia juani. Kaa mfu nani ananunua?

Sasa ramani naitumia barabarani na kukisia nauli. Nikishapanda mtumbwi, nahodha ndiye anasema. Siku za bamvua namuuliza mara mbili.

Halafu kibanda chako kama hakimo kwenye ramani, kiweke mwenyewe. Hulipi kitu.