Kabla hujagawa kadi, tuambie sheria

Julai ya Nyeri haina huruma. Baridi ikishuka kutoka Nyandarua, watu wanajifungia ndani, chai inawekwa jikoni, na mtu anatoa pakiti ya kadi. Ni hivyo hivyo Karatina, Nanyuki na Kerugoya. Nazungumzia poka yetu, ile ya "niko kadi", si ile ya kasino.

Utamu wa poka si kumaliza kadi tu, ni kushika zamu ya mwenzako. Ukiweka J, anarukwa. Ukiweka K, mchezo unarudi ulikotoka. Ukimwekea 2 anaokota mbili, 3 anaokota tatu, Joka anaokota tano. Halafu kuna A, kiboko yao yote. Inazuia adhabu, na pia inaitisha maua, kopa au chochote unachotaka, wenzako watake wasitake.

Sina shida na kadi hizo. Shida yangu ni sheria inayozaliwa baada ya kadi kuanguka mezani.

Mwaka jana tulikuwa wanne kwenye chumba cha jamaa mmoja hapa mjini. Tulikubaliana anayebaki wa mwisho ananunulia wote chapo na ndengu. Rafiki yangu, kijana wa Nanyuki, alikuwa amebakisha kadi mbili. Mwenye chumba akamwekea 2. Jamaa akatulia, akaweka A, akaitisha maua na kusema, "Niko kadi." Kwao Nanyuki hivyo ndivyo walivyozoea kucheza.

Mwenye chumba akacheka. "Hapa A ikizuia imemaliza kazi. Huwezi kuzuia na kuitisha."

Maze, jamaa huyo huyo alikuwa amezuia na kuitisha kwenye raundi iliyotangulia! Niliona kwa macho yangu. Lakini chumba ni chake, kadi ni zake, na sisi wengine tulikuwa tunalala hapo usiku huo. Nikanyamaza. Mchezo ukaendelea, rafiki yangu akaokota na kuokota, akabaki wa mwisho. Akanunua chapo kwa pesa aliyokuwa ameweka ya matatu. Asubuhi alinikopa nauli, na sikuweza kumwangalia usoni.

Utasema ni mchezo tu. Sawa. Lakini angalia ni nani huwa anakumbuka "sheria za hapa" katikati ya mchezo. Ni mwenye kadi, mwenye nyumba, mkubwa wa rika au mwenye sauti kubwa. Mgeni hakumbuki kitu, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Na sisi tulio katikati tunajizoesha kukaa kimya, kisha tunashangaa kwa nini tunakaa kimya pia kwenye chama na kwenye kazi za vikundi chuoni.

Kuna mchezo wa kadi wa Marekani unaoitwa Magic: The Gathering, ulioanza 1993. Huko unaweza kumnyang'anya mpinzani kiumbe wake na kumtumia dhidi yake. Ni unyang'anyi kabisa! Lakini wakati wake umeandikwa. Mpinzani anapata nafasi ya kujibu kabla kadi yako haijafanya kazi. Na kiumbe uliyemchukua sasa hivi hawezi kushambulia zamu hiyo hiyo, ila kama kuna kadi inayoruhusu. Unaweza kunyang'anywa na bado ukaona umetendewa haki, kwa sababu sheria uliijua kabla hujakaa.

Poka yetu haina kitabu. Kila mtaa una yake, na hiyo ni raha yake pia. Sidai Nyeri icheze kama Nanyuki. Nadai dakika moja kabla ya kugawa, mwenye kadi ajibu maswali manne kwa sauti. A ikizuia, inaitisha pia? Naweza kujibu 2 kwa 3? "Niko kadi" inasemwa lini, na nikisahau naokota ngapi? Na nafasi yangu ya kuzuia inaisha lini? Mimi napendekeza iishe ukigusa rundo. Ukishagusa, umekubali adhabu, hakuna kurudisha mkono.

Likizuka jambo ambalo halikusemwa, tufuate lilivyochezwa mara ya kwanza siku hiyo. Kama wewe ulizuia na kuitisha, basi hata mimi nazuia na kuitisha.

Wengine wanasema maswali haya yanaua raha. Raha ya nani, buda? Usiku ule watatu tulikula chapo tukishiba, na mmoja alikula akihesabu nauli. Deni lile nilimwambia asilipe. Nilichopaswa kufanya ni kufungua mdomo wakati A ilikuwa bado iko juu ya meza.